Darasa la Viti Katika Ghala la Kahawa

Nyie vijana mnaosomea mazoezi ya viungo, mkija kunisalimia hapa kwangu Bilele, wengi wenu huniuliza tulitumia mashine gani zamani zile. Hatukuwa na mashine, wanangu. Tulikuwa na viti, na viti vyenyewe vya kuazima: vingine vya kanisani, vingine vya kisomo cha watu wazima, na kimoja kilitoka kwenye kilabu cha pombe kilichokuwa kimefungwa. Hicho kilinuka lubisi, pombe yetu ya ndizi, hata tulipokisugua kwa majivu.

Msikidharau kiti. Mtu anayeogopa kuanguka hawezi kujifunza lolote akiwa amesimama, kwa sababu akili yake yote iko kwenye sakafu. Mkalishe kwanza. Ila mkalishe juu. Siku yangu ya kwanza kufundisha peke yangu nilipanga vigoda, nikidhani mtu akiwa karibu na ardhi atatulia. Ma Koleta, mama mmoja mnene mwenye magoti yaliyovimba kama vibuyu, alikaa vizuri, akafanya kila nililosema huku akitabasamu, na tulipomaliza hakuweza kuinuka. Tukamvuta watu watatu, mimi nikiwa mmojawapo, nami nina mguu mmoja tu wa kutegemea. Tukamwangukia wote.

Akiwa chini yetu akasema, "Mwalimu, na zoezi hili linaitwaje?"

Tangu siku ile sikumkalisha mtu mahali ambapo magoti yake yanapita kiuno kwa urefu.

Mguu wangu wa kushoto ulikauka nikiwa mtoto mdogo kwetu Ijumbi. Nilishikwa na homa, na homa ilipopoa mguu haukurudi. Mama alinibeba mgongoni kwenda kanisani, kwenda kisimani, kwenda shambani, mpaka nikawa mkubwa wa kuona haya. Walionicheka njiani hawakuwa wabaya. Walicheka kwa sababu miguu yangu ilikuwa inakaribia kugusa ardhi. Ndipo baba akauza mbuzi akanipeleka hospitali ya misheni, wakanipa kiatu chenye chuma kinachopanda mpaka pajani. Nikajifunza kutembea nikiwa msichana aliyekwisha vunja ungo.

Aliyenifundisha ni Sista Paskazia. Alikuwa Mhaya kama sisi, mrefu, mkavu wa maneno, mwenye mikono iliyopoa daima kama ya mtu aliyetoka kufua. Wazungu walikuwa wamemfundisha kazi ya viungo, lakini yeye aliifanya kwa Kihaya. Hakusema "nyoosha goti." Alisema, "Sukuma mlango kwa kisigino." Hakusema "zungusha bega." Alisema, "Jitie mafuta mgongoni." Wagonjwa waliosema hawawezi walijikuta wameshaweza.

Nilipopona kiasi changu cha kupona, akanibakiza wodini nimsaidie. Nikamwuliza kwa nini mimi, wakati wapo wasichana wenye miguu miwili.

"Wewe unajua kuanguka," akasema. "Wao watawashika wagonjwa kama mayai. Wewe utawaacha wajaribu."

Kwake nilijifunza kazi yote ninayoijua. Nilijifunza kukaa mbele ya mgonjwa macho kwa macho, nisimsimamie juu kama hakimu. Nilijifunza kuanza na upande mzima, ili mwili uone kwanza kitu kinachowezekana ndipo uombwe kile kigumu. Na nilijifunza kumwuliza mtu, kabla sijamgusa, anataka kwenda wapi. Sista hakumaanisha mambo makubwa. Mmoja alitaka kwenda chooni bila kushikwa. Mwingine alitaka kufika kwenye kaburi la mwanawe. Unamfundisha safari yake, si safari yako.

Leo kila duka la dawa lina kipimo cha presha. Sisi tuliotoka hospitali kwenda vijijini hatukuwa nacho. Kipimo changu kilikuwa mazungumzo. Mgonjwa anapofanya zoezi, mwulize habari za nyumbani. Akijibu sentensi nzima, endelea. Akikatakata maneno, mpumzishe. Akinyamaza kabisa, acha, mpe maji, mtazame midomo. Kipimo hiki bado kinafaa hata umeme ukikatika, kwa hiyo kihifadhini.

Sista Paskazia alihamishwa kwenda mbali, na aliyekuja baada yake akataka watu wenye vyeti. Mimi cheti sikuwa nacho. Nikafunga mzigo wangu, nikarudi kwa kaka yangu. Wakati huo yeye alikuwa amehamia kijiji kipya cha ujamaa upande wa kwetu Muleba, kando ya rweya, ile nyika ya majani ambayo migomba haiipendi. Jina la kijiji nitaliacha. Watoto na wajukuu wa waliohusika bado wanaishi pale, na kila mtu ana upande wake wa habari hii.

Kijiji kilikuwa na ghala la kahawa la ushirika, ofisi ya mwenyekiti yenye bati jipya, na shamba la pamoja huko rweya ambako kila mwenye nguvu alitakiwa kufika siku zilizopangwa. Watu walikuwa na vibanja vyao vya migomba na buni karibu na nyumba, huko walilima kwa moyo. Shamba la pamoja walililima kwa filimbi. Sisemi hivyo kwa dhihaka. Tulikuwa tumepata uhuru wetu, tuliambiwa tujenge nchi, na wengi wetu tuliamini. Lakini udongo wa rweya ni mwembamba, hauna habari na imani ya mtu.

Siku za mwanzo nilizunguka kusalimia majirani, na ndivyo nilivyomkuta Ta Laurenti, "Ta" likiwa neno letu la heshima kwa mwanamume. Alikuwa amelazwa kwenye mkeka nyuma ya nyumba, karibu na jiko, upande wa kulia wa mwili umekufa kwa kiharusi na mdomo umevutwa. Hakuwa mzee. Kabla ya ugonjwa alikuwa fundi wa kujenga nyumba na mtu wa mbele kila penye shughuli. Msiba ukitokea ndiye aliyepanga wachimbaji, harusi ikitokea ndiye aliyepanga wabebaji. Sasa nzi walimtembelea usoni na mkono mmoja ulikuwa na kazi ya kuwafukuza.

Mkewe, Ma Generoza, mwanamke mdogo wa umbo, alimnyanyua peke yake kila asubuhi, akamtoa ndani, na jioni akamrudisha. Alifanya hivyo kwa kumkumbatia na kurudi nyuma hatua kwa hatua, kama watu wanaocheza dansi.

"Hospitali walisema nini?" nikamwuliza.

"Walisema apumzike," akajibu. "Basi, anapumzika."

Nikakaa chini mbele ya Ta Laurenti, nikanyoosha mguu wangu wa chuma, nikamwuliza anataka kwenda wapi. Maneno yake yalitoka kama yamelowa.

"Mbele ya nyumba," akasema.

Alichotaka ni hicho tu, kukaa mbele ya nyumba, wapita njia wanapopita.

Nikaenda kwa mwenyekiti wa kijiji kuomba ghala wakati halina kahawa. Mwenyekiti alikuwa mtu mwembamba, macho mekundu kwa kukosa usingizi, na alikuwa amesoma katekisimu benchi moja na Laurenti. Nikamweleza. Akauliza kama ni hospitali, nikasema hapana. Akauliza kama ni dini, nikasema hapana. Nikasema ni darasa. Neno hilo lilifungua mlango, maana wakati ule kisomo cha watu wazima kilikuwa kimepamba moto, na mwenyekiti aliyekuwa na madarasa mengi alisifiwa na wakubwa wa wilaya.

Basi tukaanza. Tulikuwa wachache: Ma Koleta na magoti yake, Ta Laurenti akiletwa na mkewe, baba mmoja aliyevunjika nyonga alipoanguka kutoka kwenye mti, na wazee wawili watatu ambao hawakuwa na ugonjwa wowote ila upweke. Mwanzoni walinidai sindano. Walikuwa na hakika kwamba kitu kisichochoma hakiponyi. Nami kwa kutaka kuonekana mwalimu kweli nikawa napaza sauti kama wale waliokuwa wakifundisha mgambo uwanjani: moja, mbili, moja, mbili! Ma Koleta akainua mkono.

"Mwalimu, tunakwenda kupigana na nani?"

Nikashusha sauti. Tangu hapo neno letu likawa "mpola," yaani polepole kwa Kihaya. Mpola, sukuma mlango. Mpola, jitie mafuta. Tulikunja kanga tukaivuta kwa mikono miwili kupata nguvu ya mabega. Tulishona vifuko vya mchanga kwa magunia ya kahawa yaliyochakaa, tukavifunga kwenye vifundo vya miguu. Vidole vilivyokakamaa tuliviloweka kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, kisha tukavipa maharage ya kuchambua. Mkiwa na mgonjwa wa mkono, msimpe mpira, mpeni maharage. Mpira ataufinya akichoka atauacha. Maharage yana mwisho wake, na mwisho wake ni chakula.

Ta Laurenti alikuwa mwanafunzi mgumu. Alikasirika haraka, alilia haraka, kama walivyo wengi wenye kiharusi. Msiwacheke wala msiwahurumie kwa sauti. Lakini hakukosa. Alianza kukaa bila kuegemea. Kisha akaweza kuinuka kwa kushika mgongo wa kiti cha mbele. Kisha siku moja nikapita kwao nikamkuta ameketi mbele ya nyumba, amevaa shati lililopigwa pasi, anasalimia wapita njia kwa sauti yake iliyolowa. Ma Generoza alikuwa ndani anamenya ndizi. Nilimsikia anaimba.

Naomba mjue kwamba siku ile ilikuwepo. Yaliyofuata hayaiondoi.

Kadiri wanafunzi wangu walivyopata nafuu, ndivyo kijiji kilivyowaona. Barabara ya kwenda ghalani ilipita mbele ya ofisi. Watu waliokuwa wamelala nyuma ya majiko sasa walikuwa wakipita pale, mmoja kwa gongo, mwingine kwa kushika ukuta. Na wale waliokuwa wakirudi rweya wamechoka, na majembe begani, wakawa wananung'unika. Kama hawa wanaweza kwenda kucheza kwenye viti, kwa nini hawalimi? Nao si walikula mwaka jana mahindi ya kijiji yalipogawiwa?

Ma Koleta alikuwa wa kwanza kuelewa upepo. Darasani alikuwa ameanza kutembea bila gongo. Nikashangaa kumwona barabarani na magongo mawili, anachechemea kuliko siku ya kwanza.

"Ma Koleta, umeumia?"

"Nyamaza, Mwalimu," akanong'ona. "Nikifika kwako ndiyo napona. Hapa barabarani mimi ni mgonjwa sana."

Tulicheka, lakini kicheko kilikatika mapema. Mwenyekiti aliniita ofisini.

"Mwalimu, watu wako wanasimama," akasema.

"Wanasimama kidogo."

"Wilaya wananiuliza nguvu kazi. Nimeandika wagonjwa wengi, wakubwa wamekuja wamewaona njiani. Wameniuliza kama mimi nafuga wavivu." Akajifuta uso. "Sisemi wachimbe visiki. Lakini kila anayefika darasani kwako itabidi aitwe kazini pamoja na wengine."

"Mwenyekiti, mtu kukaa kwenye kiti na kunyoosha goti si sawa na kushika jembe juani. Ukiwaita, hawatakuja tena kwangu. Watarudi kulala."

"Najua."

"Sasa?"

"Sasa niambie wewe. Mimi nimeshindwa kulala kwa kufikiri."

Sikumchukia, wala leo simchukii. Tulikaa pale tukazungumza kama watu wawili wanaojaribu kutoa ng'ombe kwenye shimo. Mwisho nikapendekeza kwamba watu wangu wapewe kazi ya kuketi: kuchagua mbegu, kupukuchua mahindi, kushona magunia, palepale ghalani. Mwenyekiti akakubali mara moja. Alishukuru kiasi kwamba aliinuka akanifungulia mlango.

Niliporudi nikawaambia wanafunzi, wote walipumua. Ma Koleta akasema atachagua mbegu mpaka aone kizunguzungu, mradi asipande kilima kile. Ta Laurenti peke yake aligeuzia uso ukutani. Siku ya kuitwa kazini, mpiga filimbi alipopita akitaja majina kutoka nyumba hadi nyumba, akalitaja na la Laurenti, aende ghalani kwenye mbegu. Laurenti akaingia ndani akatoka na jembe.

Ma Generoza alikuja kwangu mbio, kitenge kinamfunguka.

"Mwalimu, njoo umwambie. Mimi hanisikii."

Nilimkuta amesimama mbele ya nyumba, jembe kalitumia kama gongo, mkono wa kulia umekunjwa kifuani. Nikamsalimia kwa heshima yake, nikamwomba akae tuongee. Hakukaa.

"Ta Laurenti, waitu," nikasema, kwa neno letu la kusihi kwa heshima, "kazi yako iko ghalani. Tumekubaliana na mwenyekiti."

"Kuchagua mbegu ni kazi ya watoto na mabibi."

"Jua la rweya ni kali. Damu yako haitaki jua vile."

Akatafuta maneno. Kwake yalikuja moja moja, na ilibidi umsubiri.

"Tangu niugue," akasema, "hakuna aliyeniita. Msiba wa jirani hapo, walipita mlangoni. Waliniona. Hawakuniita hata kushika mwenge. Leo jina langu limetajwa. Limetajwa kwa sauti, barabarani."

"Limetajwa kwa kazi ya ghalani."

"Ulinifundisha kusimama, Mwalimu. Ulitaka nisimame wapi? Ghalani?"

Swali hilo, wanangu, ninalo mpaka leo. Mnaposoma vitabu vyenu mtaambiwa lengo la kazi hii ni kumrudishia mtu uwezo wake. Vitabu havisemi ni nani atakayemwamulia mtu matumizi ya uwezo huo. Mkewe alimshika mkono, Laurenti akautoa taratibu, akaanza kutembea.

Nilimfuata. Kwa mguu wangu kilima kile ni safari, nilifika jua likiwa limeshapanda. Nilikuta watu wamesimama kwenye mstari, wamemwachia nafasi. Laurenti alikuwa analima kwa mkono mmoja. Alishika mpini karibu na chuma, akapiga, akavuta, akapumzika, akapiga tena. Tuta lake lilikwenda upande kama njia ya mlevi. Lakini lilikwenda. Mwenyekiti naye alikuwepo, kofia mkononi. Alikuwa amemwambia aache, akaambiwa ajishughulishe na tuta lake.

Laurenti aliponiona akacheka kwa nusu ya mdomo. Nikamwuliza habari za nyumbani, kile kipimo changu. Akanijibu sentensi nzima.

"Ge-ne-roza anapika senene."

Haikuwa hata majira ya senene, wale panzi tunaowala sisi Wahaya. Alinitania. Watu wakacheka, mmoja akamwita "Fundi," jina lake la zamani, na nikaona mabega yake yanapanda.

Alikwenda tena siku iliyofuata ya kazi, na nyingine, na nyingine. Nilimfunga kitambaa chenye maji kichwani, nikamwomba mwenyekiti amwekee kibanda cha majani apumzike, akakijenga kwa mikono yake mwenyewe. Laurenti alikitumia kidogo, kwa adabu tu. Ghalani akawa haji tena. Alisema hana nafasi, na nakiri kwamba aliposema hivyo alionekana mwenye furaha kuliko mtu yeyote kijijini.

Mvua za vuli zilichelewa mwaka ule. Jua likakaa juu ya rweya siku baada ya siku, majani yakawa ya kijivu, ardhi ikapasuka. Laurenti alianguka karibu na adhuhuri, jembe likiwa mkononi. Walisema hakulia wala hakuita. Alipiga magoti kama anayetaka kuokota kitu, kisha akalala ubavu. Walimleta kwa machela, mwenyekiti ameshika mbele. Nilipomwona, upande uliobaki mzima nao ulikuwa umelegea.

Hatukuweza kumfikisha hospitali upesi. Lori la ushirika lilikuwa limekwenda mjini Bukoba, na liliporudi halikuwa na mafuta. Siku aliyofikishwa, walimtazama, wakamrudisha. Alirudi mkekani, safari hii ndani, maana kutoka nje hakukuwezekana tena. Hakusema neno. Macho yalimfuata Ma Generoza chumba kizima.

Hapo kazi yangu ikawa kumfundisha mke, si mgonjwa. Kumgeuza mara kwa mara ili asipate vidonda vya kulala. Kuweka nguo iliyokunjwa kati ya magoti. Kumlisha uji kwa kijiko akiwa ameinuliwa kifua, asije akapaliwa. Kumkunja na kumkunjua vidole, ingawa wote wawili tulijua havitashika tena kitu. Mtu akiuliza faida ya kunyoosha mkono wa anayekufa, mwambieni kwamba mkono huo bado unasikia kushikwa. Ma Generoza alimgeuza usiku na mchana, mwanamke yule mdogo, mwanamume mzito aliyelegea. Nilimwambia aite majirani. Alisema majirani wana kazi.

Laurenti alikufa mvua zilipokuwa zimekwisha shika, watu wakipanda maharage. Tulimzika kwenye kibanja, kati ya migomba yake. Mwenyekiti alibeba jeneza mbele, hakukubali kupokewa. Udongo ulipokwisha rudishwa akamwendea mjane, akapiga magoti, jambo ambalo kiongozi hakulifanya mbele za watu.

"Ma Generoza, mimi ndiye niliyesema waitwe."

Mjane alikuwa ameketi chini kwenye majani makavu ya mgomba, uso hauna machozi.

"Mlimwita," akasema. "Alikuwa amelala pale nyuma miaka, hamkumwita. Ningejua mngemwita siku moja tu, ningewaomba mmwite mapema, akiwa na nguvu." Kisha akageuza uso. "Inuka, unachafua suruali."

Mimi hakunisemesha kitu siku ile, wala siku za matanga zilizofuata.

Darasa likafa. Nilifungua ghala siku zetu zilezile, nikapanga viti, nikakaa. Hakuja mtu. Nikakutana na Ma Koleta kisimani, akainamisha macho.

"Watu wanaogopa, Mwalimu," akasema. "Wanasema viti vyako vinawainua watu kwenda kaburini."

"Na wewe wasemaje?"

"Mimi magoti yameanza kuvimba tena." Akachukua ndoo yake akaondoka, na safari hii hakuwa akiigiza.

Niliendelea kwenda. Si kwa ushujaa. Nyumbani kwa kaka yangu kulikuwa na wifi aliyekuwa akihesabu matonge yangu mezani, na ghalani kulikuwa kimya. Nilifanya mazoezi yangu peke yangu. Mguu wenye chuma unahitaji kunyooshwa kila siku, la sivyo nyonga inakaza. Nilijisemea "mpola, mpola" katika ghala lile, sauti ikinirudia kutoka kwenye mabati, na mara nyingine nilishindwa kuendelea, nikaketi tu mpaka saa ya kufunga.

Niwaambie na yaliyokuja mbele, ili msinisikilize kwa matumaini yasiyo na msingi. Msimu wa kahawa uliofuata ghala lilijaa magunia, tukahamia barazani, na baadaye barazani nako tukaondolewa. Darasa lile halikuwa kubwa kamwe. Wale niliowafundisha hawakupona. Magonjwa yetu si ya kupona, ni ya kuishi nayo, na wote wamekwisha tangulia. Kijiji chenyewe watu walikihama kidogo kidogo, wakarudi kwenye vibanja vya baba zao. Mguu wangu mzima, uliobeba kazi ya miwili maisha yote, sasa umechoka, na madaktari wenu wananiambia hawana la kufanya zaidi ya kuniambia nipumzike. Nawajibu kwamba maneno hayo nimeyasikia.

Lakini sijawaambia darasa lilirudije, nami nimezunguka.

Ilikuwa asubuhi ya mvua, matanga yakiwa yamekwisha siku nyingi. Mlango wa ghala ukasukumwa, Ma Generoza akaingia. Amelowa, amekonda, kichwani hana kitambaa, jambo lisilo la kawaida kwa mwanamke wa heshima yake. Alisimama akatazama viti vitupu. Nikainuka kumpokea kwa pole, akanikatiza.

"Bega hili," akasema. "Nilipokuwa namgeuza lilikuwa linalia. Sasa halipandi. Siwezi kukata mkungu. Siwezi kufunga kitambaa changu mwenyewe. Jana nimemwomba mtoto wa jirani anifunge, nikaona haya."

Nikamsogezea kiti. Akakaa. Nikakaa mbele yake.

"Linauma wapi?"

"Usiniulize linauma wapi, Mwalimu. Nikianza kukuambia hatutamaliza. Niambie nifanye nini."

Basi nikamwambia. Tukajitia mafuta mgongoni, tukasukuma milango, tukavuta kanga, mvua inapiga bati hata ikabidi tusogeze viti ili tusikilizane. Hakuuliza kuhusu mumewe na mimi sikumtaja. Bega lilipanda kidogo sana, likakwama. Alikunja uso, akapumua, akalishusha, akalipandisha tena. Jasho lilimtoka. Nikamwuliza habari za nyumbani, naye akanyamaza, na nilijua si kwa sababu ya pumzi. Nikamwacha anyamaze.

Tulipochoka akainuka, akajifunika kanga yake dhidi ya mvua, akaenda mlangoni. Pale akasimama, mgongo kwangu.

"Kesho napita kwa Koleta," akasema. "Nije naye?"

Nilishindwa kujibu. Akageuka akaniona jinsi nilivyo, akasubiri, kama tulivyozoea wote wawili kumsubiri mtu atafute maneno.

"Njoo naye," nikasema.